Mgongo wa Mbingu

Ukiugua ukapona, kisha watu wakaanza kusema nawe polepole kama mtoto anayefundishwa kuhesabu, utajuaje kama kichwa chako bado ni chako?

Fundi Pindo alilala na swali hilo na kuamka nalo. Zamani hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa mtu wa nguo. Jina la Pindo alipewa na mtaa kwa sababu mapindo yake hayakuwahi kuachia. Suruali ingepauka, ingetoboka magotini, ingeishia kuwa tambara la kufutia baiskeli, pindo lake likiwa palepale, limekaza kama limeapishwa.

Halafu asubuhi moja, akiwa kwenye cherehani, mguu wa kushoto ulikataa kukanyaga. Mdomo ukaenda upande. Mkewe alipomwuliza kuna nini, alimjibu kwa sauti ambazo hazikuwa maneno ya mtu. Kiharusi. Akalazwa, akafanyishwa mazoezi ya kufinya mpira na kupanda vidato, na mwisho daktari akamwambia, "Mzee, umepona. Rudi kazini taratibu."

Mwili ulipona. Mtaa ndio uliokataa kupona. Watu walisimama mlangoni pa kibanda chake wakapaza sauti, "Fun-di! U-na-en-de-le-a-je?" kana kwamba kiharusi kilimpiga masikioni. Walimletea pole, wakamletea matunda, wakamletea maombi. Kitambaa hawakuleta. Mwenye roho nzuri kuliko wote alimletea kifungo kimoja cha kubandika, tena akakaa kumsimamia.

Hata shemeji yake, ndugu wa mkewe, fundi umeme ambaye utani wake haukuwa na breki, aliacha kumtania. Siku hizi akiingia alimshika bega, akamwuliza kama amekula. Hilo ndilo lililomwuma Pindo kuliko sindano. Shemeji akiacha kukutania, jua ameshakuhesabu pamoja na marehemu.

Na yeye mwenyewe alikuwa anajichunguza. Siku moja alimwita mkewe kwa jina la dada yake. Siku nyingine alipekua kibanda kizima akitafuta mkasi, na mkasi alikuwa ameushika.

"Mimi hutafuta miwani nimeivaa," mkewe alimwambia.

"Wewe hukuugua."

"Basi mimi ndiye mbaya zaidi, sina hata kisingizio."

Alicheka kumridhisha. Moyoni hakucheka.

Wakati huo mtaa ulikuwa unajiandaa kumpokea Mama Anga. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa nyuma ya soko, katika nyumba ambayo sasa ni duka la rangi, akaenda kusoma mbali, akawa mtaalamu wa nyota anayejulikana duniani. Lakini mtaa haukumpenda kwa darubini zake. Ulimpenda kwa kipindi chake cha redio. Kwa miaka mingi, kila wiki, alikuwa akifungua kwa maneno yaleyale: "Zima taa, toka nje, mimi nakungoja." Na watu walizima taa wakatoka. Alizungumza juu ya sayari kama mtu anayesema majirani: yule mwenye pete anayeringa, yule mwekundu anayejifanya mkali. Watoto walikua wakidhani ni ndugu zake.

Sasa alikuwa amezeeka, na mtaa uliamua kumfanyia sherehe ya sanaa. Wachoraji walipaka kuta za ukumbi, shule ikaandaa igizo, kwaya ikatunga nyimbo. Wapo waliobeza. Walisema, maskini na nyota wapi na wapi, tuzibe kwanza mashimo ya barabara. Watu hawa wanaamini kwamba mbingu imeshakatwa viwanja, na sisi tumepewa ule unaopakana na mfereji wa majitaka. Mimi nasema mtu anaweza kuziba shimo na bado akainua kichwa. Anayemwambia mwenzake asitazame juu, huyo ana sababu zake za kutaka aendelee kutazama chini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu, mwanamke mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa na kuichapa nusu nyingine. Kamati ilitaka dari la ukumbi liwe anga la usiku, nyota ziwakie juu ya vichwa vya watu. Mwalimu akapendekeza wachapishiwe plastiki, kama mabango ya sabuni. Hapo mke wa Pindo akasimama bila kuulizwa.

"Mume wangu atashona."

Kila mtu akatazama viatu vyake. Lakini nani atamwambia mke wa mgonjwa hapana, mbele ya watu?

Nyumbani Pindo alimjia juu. "Umenitia kitanzi shingoni!"

"Nimekutia uzi kwenye sindano. Kushona au kutoshona ni juu yako."

Pindo alizunguka chumba, akakaa, akasimama. Kisha akasema jambo ambalo hakulirudia kwa mtu mwingine. "Sawa. Nitashona. Ila sikia, mke wangu. Ikitoka sawa, basi kichwa changu kimerudi. Ikiharibika, ninaifunika cherehani mfuniko wake, na usiniombe tena niufungue."

Mkewe alimtazama muda mrefu. "Yamekuwa hayo?"

"Yamekuwa hayo."

Wakaanza. Kamati ilileta kitambaa cha buluu nzito na ramani ya anga iliyochorwa kwenye karatasi kubwa kubwa, vipande vya kuunganisha. Pindo aliwaza nyota aishone vipi, akaona jibu liko kwenye shati alilovaa. Nyota ni tundu la kifungo. Unatoboa, unazungushia uzi mweupe ulioshikana, na taa ikiwaka upande wa pili, tundu linakuwa nyota. Akatandika karatasi juu ya kitambaa, akatoboa penye kila nyota, akapitisha chaki.

Mkewe alikuwa na wazo lake. Akawaita majirani, kila nyumba ije kushona nyota yake. Wakaja. Alikuja msusi, muuza mboga, kinyozi, fundi viatu na sindano yake ya kutishia ng'ombe. Mwalimu naye akaja, akakaa wima kama yuko kwenye mtihani. Pindo alipita nyuma yao akirekebisha.

"Fundi, huku nyuma uzi umening'inia," muuza mboga alilalamika.

"Uache. Mgongo wa kitambaa hauonekani. Uso ndio mali, mgongo ni jikoni."

Basi wakaachia mafundo yao kwa raha zao, na Pindo akanyoosha uso mpaka ukawa kama umeshonwa na mkono mmoja. Siku hizo alilala vizuri. Hata alianza kupiga mluzi, ingawa mluzi ulitokea kwenye kona ya mdomo.

Siku ya sherehe, mchana, wakaubeba mzigo hadi ukumbini. Shemeji alikuwa ameshafunga balbu zake juu kwenye mbao za paa, moja moja, kwa kufuata ramani. Wakafunga kamba kwenye pembe, wakavuta. Buluu ikapanda, ikajitandaza juu, uso wake safi ukitazama chini. Wachoraji waliokuwa wakimalizia kuta wakaweka brashi wakapiga makofi.

"Washa!" Mwalimu akaamuru.

Shemeji akawasha.

Nyota chache ziliwaka, hapa na pale, kama meno ya mzee. Kwingine kote matundu yalikuwa meusi, na balbu ziliwaka bure nyuma ya kitambaa kizima, zikionekana kama majipu.

Shemeji akapanda ngazi, akachungulia, akashuka na ramani mkononi. Alitazama juu, akatazama karatasi. Kulikuwa na nyota zilizojipanga umbo la nge, kila mtu wa mtaa alilijua kwa sababu ya redio.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "hapa kwenye karatasi mkia wa nge unapindia huku. Wako unapindia kule. Yaani… mbingu yote imekaa kama kwenye kioo. Cha kushoto kiko kulia."

Pindo alitazama. Ilikuwa kweli. Hapakuwa na nyota moja iliyokosewa. Zote zilikosewa.

Alingoja shemeji acheke. Alitamani acheke. Badala yake shemeji alimshika bega. "Si neno. Si neno kabisa. Kaa hapa kitini, shemeji. Nikuletee maji?"

Sauti ile ya upole ilimmaliza. Pindo aliketi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mwalimu alikuja akasimama mbele yake, akainama kidogo. "Fun-di," alianza, taratibu, "u-si-ji-la-u-mu. Bado mapema. Watu wa plastiki wako hapo barabara kuu, wanaweza kuchapa leo leo."

Pindo alimwambia mkewe, "Umeona? Kichwa kimekwenda. Nimegeuza dunia nzima, sikuona. Wiki zote hizi niko nayo mikononi, sikuona."

Mkewe hakumshika bega. Alikuwa ameinua uso, anatazama kitambaa, midomo ikicheza kama anayepiga hesabu. Kisha akavuta kiti akakaa magoti kwa magoti na mumewe.

"Nijibu. Ulipopitisha chaki, uliweka upande gani?"

"Mgongoni."

"Ukikata shati, chaki unaweka wapi?"

"Mgongoni. Uso unauchafua wa nini?"

"Suruali?"

"Mgongoni, mwanamke! Hata fundi wa juzi anajua. Chaki ni mgongoni."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofundishwa. Nilizabwa kofi kwa kuweka chaki usoni, sijarudia tena."

Mkewe akaanza kutabasamu. "Na shati, mbona halitoki kioo?"

Pindo akainua mikono yake miwili, akaitazama, wa kulia na wa kushoto. Shati lina mbavu mbili. Lina mikono miwili. Ukigeuza wa kulia unakuwa wa kushoto, na wa kushoto unakuwa wa kulia, hakuna kilichopotea. Maisha yake yote alikuwa akichora mgongoni, na kila alichokichora kilikuwa na pacha wake.

"Mbingu haina mkono wa pili," akasema polepole.

"Haina. Sasa niambie, kilichokosea ni nini? Kichwa kilichosahau kazi, au mkono uliokataa kusahau?"

Kwanza ilikuwa kama kikohozi. Halafu ikapanda, na Pindo akacheka, akacheka mpaka machozi, na upande wa mdomo uliokuwa umelala ukaamka ukacheka nao. Fundi yeyote angefanya vile. Fundi mzuri angefanya haraka zaidi. Mgonjwa, mtu ambaye ufundi umemtoka, huenda angeweka chaki usoni kama mwanafunzi, na nge angekaa sawa!

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akamnong'oneza shemeji, "Kimempanda tena?"

"Hakijampanda kitu," mke alisema, akasimama. "Shusheni kitambaa. Kigeuzeni. Ramani iko mgongoni, mgongo ndio utazame watu."

Kicheko cha Pindo kikakatika. "Mgongo? Mbele za watu? Mafundo yote yale, nyuzi zile? Bora nivue suruali nisimame jukwaani!"

"Nani alishona mafundo hayo?"

"Wao wenyewe! Na mimi niliwaambia hauonekani!"

"Basi watakulaumu kwa kuwadanganya. Ni kosa la mzima hilo, si la mgonjwa."

Pindo alitazama plastiki ambayo haijachapwa, ile iliyokuwa kwenye macho ya Mwalimu. Alitazama kitambaa. Akainuka kitini bila kushikwa. "Legezeni kamba," akasema.

Walipogeuza na kuvuta tena, shemeji alikwenda kwenye swichi kama mtu anayekwenda kusikia hukumu. Akawasha. Kila tundu likapata taa yake. Nge akapinda mkia upande wake, na kutoka kwenye kila nyota ilining'inia michirizi ya uzi, imeshika mwanga.

Shemeji akageuka, mikono kiunoni.

"Dada, nilikuonya usiolewe na mtu huyu. Mbingu imetulia zake, hajaigusa mtu tangu dunia iumbwe, yeye kaikamata kaivisha ndani nje!"

Pindo nusura ambusu. "Wewe nyamaza. Balbu zako zilikuwa zinawaka kama majipu."

"Majipu yangu yalikuwa mahali pake, shemeji. Mahali pake!"

Jua lilipozama ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Anga aliingia akiwa ameshikwa mkono, mdogo kuliko sauti yake, amevaa viatu vya raba. Kwaya ikaimba, watoto wakaigiza safari ya mwezini, mmoja akasahau maneno yake akabaki huko mwezini mpaka mwenzake alipomvuta kwa shati. Kisha taa za ukumbi zikazimwa na dari likawaka.

Pindo alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, iwapo itabidi kuondoka.

"Fundo langu lile!" sauti ya muuza mboga ikapasua giza. "Lile la kufunga mara mbili, kama mafungu yangu ya mchicha!"

"Na lile la kusuka!" msusi akadakia. Kweli, alikuwa ameusuka uzi wake mkia mzima, akidhani hakuna atakayeuona.

"Lile lililokatwa karibu na ngozi ni la kinyozi. Yule hawezi kuacha kitu kirefu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walinyoosha vidole, wakasimama juu ya viti, wakabishana nyota ya nani ni ipi. Kwenye uso, Pindo alikuwa amewafanya wote kuwa mkono mmoja. Mgongoni kila mmoja alikuwa yeye. Nakwambia, sijui shule gani ingeweza kuwafanya watu wale watazame juu kwa hamu kama ile.

Mama Anga akaomba kipaza sauti. "Kwanza, mkia wa nge uko pale unapotakiwa kuwa." Makofi. "Pili, nauliza, mbona mmenionyesha mgongo?"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Pindo akaona hapana pa kukimbilia. Akasogea mbele, akaeleza: chaki, shati, mikono miwili, mbingu isiyo na pacha. Hakutafuta maneno. Yalikuja yenyewe, yamenyooka. Mama Anga alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Fundi," akasema, "mimi nimezeeka nikitafuta namna ya kuona upande wa pili wa kitu hiki. Nyie mmeshona tu mkageuza."

Pindo alirudi nyumbani na mkewe kwa miguu, kila mmoja akiburuta uchovu wake. Alilala kama jiwe.

Asubuhi walirudi ukumbini kushusha kitambaa. Mlango ulikuwa wazi. Dereva wa mgeni alisimama kizingitini na begi mkononi, anatazama saa yake kwa huzuni.

"Mama, ndege itatuacha."

"Ndege zipo nyingi," sauti ikajibu kutoka sakafuni.

Mama Anga alikuwa amelala chali juu ya mkeka, raba zake zimewekwa pembeni. Na kando yake, chali vilevile, na gauni lake rasmi la mikutano, alikuwa Mwalimu. Mtaa mzima haukuwahi kumwona Mwalimu hata ameegemea ukuta.

"Nimekwambia fundo lile baya pale ni lako," Mama Anga alikuwa akisema.

"La kwangu haliwezi kuwa baya. Nilifundisha ushonaji."

"Nilikuwa darasa moja na wewe, usinidanganye. Ulikuwa unashona kama unapigana."

Dereva alishindwa kuvumilia. Akaweka begi chini, akamwinua Mama Anga, akamvisha raba, kisha akampa Mwalimu mkono. Mwalimu akaushika, akajivuta. Praaa! Gauni likaachia kutoka kwapani hadi kiunoni.

Dereva aligeukia ukuta kwa haraka kama askari wa gwaride. Mwalimu alijikumbatia ubavu kwa mikono miwili, uso umemwiva.

"Fundi!" akafoka, maneno yakitoka kwa kasi ya zamani, ile ya darasani. "Umesimama hapo kama mlingoti unangoja nini? Lete sindano, na usiniangalie!"

"Nisipokuangalia nitashona nini, Mwalimu? Mkono wako?"

"Usinijibu. Shona!"

Pindo akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, mkewe akanyoosha kanga kuwa pazia, na Mwalimu akasimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja umeinuliwa kama anayeomba ruhusa ya kutoka, akilalamika kila uzi ulipovutwa.

"Unanichoma!"

"Tulia basi."

Alipomaliza, alikaza fundo, akainama, akakata uzi kwa meno.